Bakuli la Mti Mbichi

Jemutai alikuwa mkatili, na mimi sitamremba. Siku ya matanga yake watasimama kusema alikuwa mchapakazi, muumini, mwenye mikono ya ajabu, na hayo yote yatakuwa kweli. Lile la ukatili hakuna atakayelitaja, kwa hiyo nimelitaja mimi mapema.

Kazi yake ilikuwa kuchonga mabakuli. Pale mtaani Kaptembwo, kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe, alikuwa na kibanda cha mabati chenye mashine ya kuzungushia mti, patasi za kila aina na stoo ndogo ya magogo. Mabakuli yake hayakuwa ya kulia ugali. Yalikuwa ya kuwekwa mezani kwa watu wenye nafasi na kutazamwa. Aliyachonga kwa mutamaiyu, mti mzito wenye mistari myeusi, na kuzunguka ukingo akachimba mtaro mwembamba na kuujaza vipande vya akiki kutoka Baringo, vyekundu na vyeupe, vilivyobanana hivi kwamba ukipitisha kidole hujui mti umeishia wapi na jiwe limeanzia wapi.

Mumewe alimfundisha kazi hiyo, kisha akafa bila kumwachia mtoto. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ploti ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, na ukoo ulikuwa umeshasema: nyumba isiyo na mtoto wa kiume, mali yake hurudi kwa ndugu. Ndugu alikuwa mmoja tu, Kipkirui, mkulima wa kule Molo. Kila akishuka mjini alipitia kwa shemeji yake, akakataa kuketi, akazungukazunguka uani akipima kwa macho mahali atakapojenga vyumba vya kupangisha.

Jemutai akafanya lile ambalo wanawake wa Kikalenjin wasio na wana wamelifanya tangu zamani. Akaoa mke. Mwenye mawazo ya kitandani ayaweke kando, maana si habari hiyo. Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa hutoa ng'ombe, huoa msichana, naye huhesabiwa mume. Watoto watakaozaliwa ni wake, na ndio watakaorithi nyumba. Msichana aliitwa Chelimo, alitoka upande wa Ravine, na alikuja akiwa na mimba ya kijana aliyekimbia mara tu alipoambiwa.

Sasa, huyu Jemutai alikuwa pia kiongozi wa kwaya, na mchungaji wao alikuwa hapumziki kukemea mila. Kwa hiyo ndoa ilifanywa ndani ya nyumba, mapazia yameshushwa, asubuhi ya siku ya kazi. Alikuwepo mzee wa kubariki, ambaye naye tumeshamzika. Alikuwepo mama yake Chelimo. Na alikuwepo Kipkirui, kwa sababu mila inataka mwanamume wa ukoo wa marehemu ashuhudie, na hakukuwa na mwingine wa karibu. Aliketi amekunja uso, akawatazama wanawake wawili wakifungana majani kwenye vifundo vya mikono, akanywa mursik yake, yale maziwa ya kibuyu, akaondoka. Majani hayo ndiyo ndoa yenyewe. Ng'ombe wanaweza kurudishwa, lakini waliofungana majani wamefungana.

Kanisani Jemutai alisema Chelimo ni mtoto wa dada yake. Wakaamini, au walijifanya kuamini.

Mtoto akazaliwa wa kiume, akaitwa Kiplangat. Ndani ya nyumba alifundishwa kumwita Jemutai baba, na nje ya geti amwite kogo, yaani nyanya. Jemutai alimpenda mtoto huyo hata akamwogopea. Hakuruhusu abebwe na boda boda, hakuruhusu acheze barabarani, na akikohoa kidogo kazi ilisimama. Alimchongea vijibakuli vidogo vya kuchotea vumbi la mbao, akamketisha karibu na mashine, akamwambia, "Hii yote ni yako." Mtoto aliuliza kama hata vumbi ni lake.

Kwa Chelimo hakukuwa na maneno kama hayo. "Wewe nilikuleta uzae na ufagie," aliambiwa siku ya kwanza, na akafagia. Lakini katika kufagia huko alikuwa akiokota vipande vya akiki vilivyoanguka, akivipanga sakafuni rangi kwa rangi, na siku moja Jemutai aliyekuwa na kazi nyingi akamwambia ajaribu kujaza mtaro wa bakuli moja. Baada ya hapo hakuna aliyemfundisha tena, maana hapakuwa na la kumfundisha. Wakagawana kazi. Jemutai alichagua mti na kuuchonga, Chelimo akatia mawe. Mabakuli yakawa mazuri kuliko zamani, na Jemutai alijua, na lilimuuma.

Mnunuzi wao mkubwa alikuwa Jasleen, mwenye duka la mapambo ya nyumba mjini. Alikuwa mama wa haraka haraka, mwenye kusema anachofikiri. Siku moja alifika bila kupiga simu, akamkuta Chelimo ameketi mlangoni na vipande vya mawe mapajani.

"Kumbe ni wewe unaweka hii mawe?" aliuliza. "Miaka yote huyu mama ananiambia ni yeye."

Jemutai alicheka kicheko cha kukohoa, akasema wanasaidiana. Tangu siku hiyo Jasleen alikuwa akifika anampita yeye na kwenda moja kwa moja mlangoni.

Chelimo angeweza kuondoka kimya kimya. Hakufanya hivyo. Alimwendea Jemutai waziwazi, wakati wanaosha mawe kwenye beseni, akamwambia kila kitu.

"Mama, Madam Jasleen anataka niende nifanyie kazi kwake. Ako na meza nyuma ya duka, na kuna chumba cha kulala. Amesema kwanza nimtengenezee bakuli kubwa ya harusi ya ndugu yake, halafu nianze."

"Na mtoto?"

"Nitaenda na yeye. Kuna nasari hapo karibu. Jumapili tutakuwa tunakuja."

"Mtoto ni wa nani?"

Chelimo aliendelea kuosha mawe.

"Nimekuuliza. Mtoto ni wa nani?"

"Ni wako, mama. Lakini mimi ndio nilimzaa."

"Hata ng'ombe huzaa," Jemutai alisema. "Ndama ni ya mwenye boma."

Alisema hivyo, akakausha mikono, akaingia ndani. Hakulala vizuri, na kusema kweli nani angelala? Alijua siku hizi msichana anaweza kwenda kwa chifu au kwa ofisi ya watoto akasema huyu ni mwanangu, na mila ikabaki imeshika mdomo. Lakini alijua pia kwamba msichana mwenye kazi na chumba anasikilizwa, na asiye na kitu hurudi nyumbani kuomba msamaha. Kiplangat akienda, Kipkirui anajenga vyumba vyake. Hayo mawili hayakuwa mbali hata kidogo.

Asubuhi Jemutai akaamka na sura nyingine. Alimwita Chelimo mwanangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tengenezea madam bakuli yake," alisema. "Mti nitakuchagulia mimi. Unajua lile gogo kubwa liko na alama ya msumari? Lilikaushwa tangu mzee akiwa hai. Nitachonga hilo."

Chelimo alilia kwa furaha. Gogo hilo halikuwa limeguswa na mtu. Alishika mkono wa Jemutai kwa mikono yake miwili akasema asante, na Jemutai akazipokea shukrani hizo zote bila kupepesa macho.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila fundi wa kazi hii analijua. Mti mbichi hupungua ukikauka. Jiwe halipungui. Ndiyo maana magogo hufukiwa kwenye vumbi la mbao tangu mvua moja hadi nyingine kabla ya kuguswa. Ukitia jiwe kwenye mti mbichi, bakuli litakaa zuri kwa muda, watu watalisifu, halafu ukingo utajivuta na kupinda, gundi itaachia, na mawe yataanza kuruka moja moja.

Siku Chelimo alipompeleka mtoto kliniki kuchanjwa, Jemutai aliletewa gogo la mutamaiyu lililokuwa limekatwa kule juu Dundori, bado linatoa maji ukilibonyeza kwa ukucha. Akalichonga siku hiyo hiyo. Mti mbichi huchongeka kwa raha, unakatika laini. Alipomaliza akalizungusha bakuli juu ya karai la makaa mpaka ngozi yake ya nje ikakauka, akalisugua kwa vumbi la zamani ili harufu ya ubichi ipotee, kisha akafagia vipande vyote na kuvichoma. Chelimo aliporudi alikuta bakuli liko tayari mezani.

"Ni nzito," alisema akilinyanyua.

"Mutamaiyu ni nzito. Ama umesahau?"

Akalirudisha mezani. Kuchagua mti haikuwa kazi yake, na mtu aliyekuita mwanangu utamshuku vipi?

Alilitengeneza bakuli lile kwa moyo wake wote. Alichagua akiki nyekundu iliyokolea, akaanza na vipande vikubwa upande mmoja, akavipunguza polepole hadi upande wa pili vikawa vidogo kama punje za mtama, rangi ikififia hadi nyeupe. Alisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Jemutai alikuwa akipita nyuma yake na kutazama. Aliona kwamba yeye mwenyewe hajawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo, wala marehemu hajawahi. Angeweza kusema neno moja na kazi ikaanzwa upya kwa mti mkavu. Muda wa kusema alikuwa nao mwingi. Alinyamaza, na bakuli likapelekwa.

Siku ya harusi bakuli liliwekwa kwenye meza ya mlangoni limejaa laddu, vile vitamu vya mviringo vya Kihindi, za wageni. Ukingo ulikuwa umeshaanza kupinda, ila hakuna aliyeangalia. Mjomba wa Jasleen, Mzee Pritam, alichukua laddu, akaingiza mdomoni, akauma akiki. Jino lilivunjika mbele ya watu wote. Wakati wanamshughulikia, bakuli likapasuka kwa mlio ambao hata wapiga ngoma waliusikia.

Jasleen alikuja Jumatatu. Aliweka vipande vya bakuli mezani na mfuko wa mawe juu yake.

"Uncle amevunjika jino," alisema. "Harusi ya ndugu yangu! Watu wanapiga video na simu!"

"Pole sana madam," Jemutai alisema na kutikisa kichwa. "Huyu msichana nilimwambia asikimbize kazi. Gundi inataka subira. Lakini vijana wa siku hizi utawaambia nini?"

"Madam, mimi sikukimbiza," Chelimo alisema. "Niliweka vile huwa naweka. Hata sijui ni nini imefanyika."

"Hujui. Hiyo ndio shida." Jasleen alikuwa ameshageuka. "Ile maneno tuliongea, ya duka, sahau."

Chelimo alimfuata hadi kwenye gari akiomba. Kioo kilikuwa kimepandishwa. Kiplangat alimpungia Jasleen mkono kwa sababu alipenda kupungia magari.

Ungedhani Jemutai ametosheka. Alikuwa amepata alichotaka: kazi ya mjini imekufa, mtoto amebaki. Lakini ukatili ukishaonja kitu hutaka kula. Alivishikiza vile vipande vya bakuli kwa waya na kuvitundika ukutani karakanani, na kila mteja aliyeuliza alijibiwa, "Hiyo ni kazi ya huyu wangu. Usicheke sana." Chelimo akaondolewa kwenye mawe, akarudishwa kwenye ufagio. Alikaa hivyo, akifagia chini ya bakuli lake mwenyewe, na alianza kuamini kwamba kweli alikosea mahali. Alikuwa akipitia kazi ile kichwani hatua kwa hatua akitafuta kosa.

Alilipata siku alipotumwa stooni kuleta vumbi la mbao la kuwashia jiko. Alichota kwa sufuria, sufuria ikagonga mti. Akafukua. Lilikuwa gogo lenye alama ya msumari, zima, halijaguswa na patasi. Kisha akalibeba hadi karakanani na kuliweka miguuni pa Jemutai.

"Si ulisema bakuli ya madam ilitoka hapa?"

Jemutai alizima mashine. Angeweza kudanganya, na angekubaliwa nusu. Lakini alikuwa amechoka kuficha, na zaidi ya hapo alikuwa na kiburi cha mume mwenye nyumba.

"Ile ilikuwa mbichi," alisema. "Nilichonga nikijua."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu hakuna kitu utafanya. Utaenda wapi? Kwa Jasleen, akuamini? Kwa mama yako, na amekula ng'ombe zangu? Geti iko wazi, enda. Lakini Kiplangat anabaki. Nilikufunga majani na mkono wangu."

Chelimo alirudisha gogo stooni, akawasha jiko, akapika. Chumvi ilikuwa sawasawa. Jemutai alikula akishangaa jinsi mambo yalivyokwisha kwa urahisi.

Jumapili iliyofuata, wakati Jemutai anaongoza kwaya, Chelimo alipanda gari la Molo na kwenda kwa Kipkirui.

Wazee wa ukoo walikuja baada ya mavuno. Waliketi uani kwenye viti vya plastiki, Kipkirui kati yao na kofia yake gotini. Mama yake Chelimo alikuwa ameitwa, na majirani wakaja wenyewe, akiwemo Nasimiyu wa kwaya. Jemutai aliwapikia chai bila wasiwasi. Alidhani wamekuja kuandikisha mtoto kuwa mrithi, kwa kuwa Kipkirui alikuwa amemwambia hivyo kwa simu.

Mzee aliyewaongoza alimwita Chelimo mbele.

"Mama huyu anasema amekuoa. Ni kweli?"

"Hapana," Chelimo alisema. "Ni mama alinipa kazi. Alinipata na mimba akanisaidia. Hiyo tu."

"Mlifungana majani?"

"Hapana."

Jemutai alicheka kwa sauti. Alikuwa ameshika birika. "Mnasikia huyu? Kipkirui alikuwa ameketi hapo ndani, anatuangalia. Muulizeni."

Wakamgeukia Kipkirui. Aliigeuza kofia yake, akaitazama ndani.

"Mimi niliitwa kunywa mursik," alisema. "Nikakunywa, nikaenda. Majani sikuona."

Mama yake Chelimo aliulizwa, akasema yeye alikuja kumsalimia mtoto wake, majani hakuyaona. Alisema hivyo akitazama miguu yake.

"Na ng'ombe?" Jemutai alipiga kelele. "Ng'ombe nilitoa za nini?"

"Hizo nitakurudishia mimi, shemeji," Kipkirui alisema kwa upole. "Kutoka boma langu. Usikose kitu."

Mzee akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote aliyejua habari ya ndoa hiyo, jirani au mtu wa kanisa. Nasimiyu akasimama, na mimi naamini hakuwa na ubaya wowote.

"Sisi alituambia ni mtoto wa dada yake," alisema. "Alisema mbele ya madhabahu. Mimi siwezi ongeza."

Jemutai alimwendea Chelimo karibu kabisa. Uso wote ulikuwa umemsinyaa, akawa bibi kizee hapo hapo mbele ya watu. "Chelimo. Nilikufunga huu mkono. Huu. Sema."

"Sikumbuki, mama," Chelimo alisema.

Wazee hawakuchelewa. Hakuna majani, hakuna ndoa. Mtoto ni wa aliyemzaa. Nyumba haina mrithi, basi ploti irudi kwa ndugu wa marehemu, na mjane akae chumba kimoja mpaka Mungu atakapomwita, kwa wema wa shemeji yake. Kipkirui alisimama akashukuru, kisha akamwomba Jemutai ufunguo wa karakana, maana fundi wa kuvunja mabati angefika kesho. Aliunyosha mkono wake na kuuacha hapo.

Chelimo hakupata kitu zaidi ya mtoto. Alikwenda kuvuna maua kwenye mashamba ya Naivasha, kwa sababu Jasleen alipopigiwa simu hakushika, na vidole vile sasa hukata miba. Alijua hivyo hata siku ile, wakati anafunga nguo zao kwenye leso. Hakuomba radhi kwa mtu, wala hakulia.

Boda boda ilikuwa inangoja getini. Jemutai alikuwa amesimama uani na ufunguo kiganjani, na aliona Chelimo akipanda, na dereva akimketisha Kiplangat mbele juu ya tangi, mahali ambapo maisha yake yote alikuwa amekatazwa. Akamwita mtoto kwa jina. Akamwita tena, akaanza kukimbia, na kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake.

Kiplangat hakugeuka. Alikuwa akimwomba dereva apige honi, na dereva akapiga.